Kuingiza watumiaji 800 kwenye Django bila kuanika nywila zao

Habari zenu watazamaji. Hapa nina faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye wanafunzi 800, na nataka waingie kwa mkupuo mmoja kwenye mfumo wa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti. Niliwahi kukabidhiwa mfumo ambao kazi hii ilifanywa haraka haraka. Nilipofungua jedwali la watumiaji, nywila za watu zilikuwa zinasomeka kama gazeti. Niliumia sana.

Tazama mstari huu kwenye skrini: password=row["password"], kisha chini yake bulk_create, inayoingiza watumiaji wengi kwa pamoja. Kosa liko hapo. Ukitumia create_user, inayoingiza mtumiaji mmoja mmoja, Django inakuhashia nywila yenyewe, yaani inaigeuza kuwa herufi ambazo haziwezi kurudishwa kuwa nywila. Lakini bulk_create haikuhashii kitu. Ulichoipa inakimwaga kwenye databesi kilivyo. Na mwanafunzi akijaribu kuingia, anakataliwa.

Turekebishe. Juu kabisa, leta make_password, inayohashi nywila, kutoka django.contrib.auth.hashers. Iite ndani ya lupu, kwa kila mstari. Nasisitiza ndani, kwa sababu kila ukiiita inatengeneza chumvi mpya, yaani herufi za nasibu zinazochanganywa na nywila wakati wa kuihashi. Ukihashi nywila moja ya kuanzia mara moja tu na kuinakili kwa wote, hashi zitafanana, na atakayeivunja moja amezivunja 800.

Endesha. Inakawia, sivyo? Django 5.0 inarudia hesabu ya PBKDF2, njia yake ya kuhashi, mara 720,000 kwa kila nywila. Usiipunguze namba hiyo ili uwahi kumaliza. Uzito huohuo ndio unaomchosha mwizi. Acha izunguke, kanywe chai.

Sasa fungua jedwali. Unaona pbkdf2_sha256, alama ya dola, 720000, halafu chumvi, halafu hashi yenyewe. Safi.

Ila mimi napenda zaidi CSV isiyo na nywila kabisa. Kwa kila mtu zalisha nywila ya nasibu kwa secrets.token_urlsafe ya Python, ihashi, usiiandike popote, kisha mtumie kiungo cha kuweka yake. Usikimbilie set_unusable_password hapa, ile inayomwekea mtumiaji alama kwamba hana nywila ya kuingilia: fomu ya Django ya kurejesha nywila inawaruka watumiaji hao kimyakimya. Barua pepe haiendi, na hutaona kosa lolote.

Kama CSV yako ilikuwa na nywila, ifute sasa hivi, pamoja na nakala ya kwenye barua pepe. Ikiwa uliisukuma kwenye Git, mfumo unaotunza matoleo yote ya msimbo wako, kuifuta leo hakutoshi, bado imo kwenye historia. Wabadilishie nywila wote 800.