Risasi haichagui dini

SALMA: Haya karibuni tena jamani, mimi ni Salma, na hapa pembeni yupo Benja ambaye leo kaja na daftari kabisa, sijui anataka kutuhubiria.

BENJA: Daftari tu dada yangu, mada yenyewe nzito, dini na haki za watu, nikitegemea kichwa nitachanganya miaka.

SALMA: Sawa, ila mimi naanza na lawama. Juzi nimealikwa kwenye kikao cha dini mbalimbali, masheikh wapo, mapadri wapo, wachungaji, Wahindu wawili watatu, dua ya kufungua, hotuba, hotuba tena, "sisi sote ni watoto wa Mungu mmoja", makofi, picha ya pamoja watu wameshikana mikono, kwisha habari. Siku nzima hakuna aliyetaja jambo hata moja linalomuumiza mtu wa kawaida. Nimetoka pale najiuliza hivi tumekubaliana nini, kwamba tunapendana? Mbona hata hatukuwa tumegombana!

BENJA: Hahaha. Ila usivitupe vikao vyote. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa tamko la Nostra Aetate, wakasema Kanisa linawaheshimu Waislamu, na kwamba huwezi kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Ni karatasi, sawa, ila watu walishapigwa na kufukuzwa makwao karne na karne kwa lawama hiyo hiyo.

SALMA: Hapo nakupa. Ila mwaka huo huo, mwezi wa tatu, kule Selma, Marekani, kuna rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, anaitwa Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Poland, aliwakimbia Wanazi, ndevu nyeupe hizo, yupo mstari wa mbele na Martin Luther King wanadai weusi waruhusiwe kupiga kura. Baadaye akasema alihisi miguu yake inasali. Sasa hiyo ndo dini ninayoielewa mimi.

BENJA: Mimi naomba tuongelee Liberia, maana hii stori kila nikiisoma nasisimka.

SALMA: Twende.

BENJA: Ni 2002 kuelekea 2003, vita imewachosha watu, Charles Taylor ikulu, waasi wanasogea Monrovia. Leymah Gbowee anakusanya akina mama wa makanisani waombee amani. Sasa kanisani siku hiyo yupo mama mmoja Muislamu, Asatu Bah Kenneth, tena ni polisi, anasimama anasema mimi ndo Muislamu pekee humu, na hili nalipeleka kwa wanawake wenzangu wa Kiislamu. Ebu fikiria kusimama hivyo.

SALMA: Na wale Wakristo wengine si wote walifurahi eeh, tuseme ukweli.

BENJA: Wengine waligoma kabisa! Wanaogopa imani yao itachujuka wakikaa na Waislamu. Kilichowalainisha wala hakikuwa mafundisho, ni swali tu, jamani hivi risasi inachagua huyu Mkristo huyu Muislamu? Basi wakavaa tisheti nyeupe, lemba nyeupe, hereni hamna, lipstiki hamna, wakawa wanakaa uwanjani karibu na soko la samaki, pembeni ya barabara anayopita rais, kila siku, jua lao mvua yao.

SALMA: Mimi hapo kwenye nguo ndo napapenda. Maana ukishawavalisha wote nyeupe, yule askari anayepita kwenye gari hajui nani anaenda msikitini nani kanisani, anaona tu mama zake wamekaa chini.

BENJA: Alafu mazungumzo ya amani yanafanyika Accra, Ghana, wiki zinapita, wakubwa wamekaa hotelini wanagawana vyeo huku watu wanakufa. Mwezi wa saba 2003 akina mama wakaenda wakakaa mlangoni mwa ukumbi, mikono wameshikana, hatoki mtu. Walinzi wanakuja kumkamata Gbowee, anaanza kuvua nguo.

SALMA: Aisee, na pale utupu wa mama ni laana, hutaki uone.

BENJA: Hutaki! Ikabidi msuluhishi mwenyewe, Abdulsalami Abubakar, atoke nje aongee nao. Tarehe 18 mwezi wa nane mkataba ukasainiwa. Sisemi ni wao peke yao, kulikuwa na presha nyingine nyingi, ila wao walikuwa mlangoni.

SALMA: Unaona sasa, hawakuanza kwa kuulizana Yesu ni nani. Walianza na watoto wao.

BENJA: Nakubali, ila dada usiseme mafundisho hayana kazi. Afrika Kusini ubaguzi wa rangi ulitetewa na wachungaji wakiwa na Biblia mkononi, kwa hiyo ilibidi wapingwe hapo hapo kwenye Biblia. Mwaka 1982 umoja wa makanisa ya Kireforma duniani, tawi moja la Waprotestanti, ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa Biblia ni uzushi. Hiyo kazi maandamano peke yake hayaiwezi.

SALMA: Sawa mchungaji, umeshinda raundi hii. Lakini na ule urafiki wa haraka haraka mimi siuamini. Wale wawili wa Kaduna, Nigeria, Imam Ashafa na Mchungaji Wuye, walikuwa kwenye makundi yanayopigana kabisa, Wuye alipoteza mkono, Ashafa akafiwa na mwalimu wake na binamu zake wawili. Wameanza kufanya kazi pamoja 1995, na Wuye mwenyewe anasimulia kuna safari walilala chumba kimoja akawaza kuchukua mto amzibe mwenzie pumzi.

BENJA: Mto!

SALMA: Mto. Akiwa tayari kwenye kazi ya amani! Na anayasema hadharani, mwenzie amekaa pembeni anasikiliza. Niletee kikao ambacho mtu anaweza kusema jambo kama hilo mbele ya kipaza sauti, nitakaa mpaka usiku.

BENJA: Kwa hiyo wakikualika tena utaenda au?

SALMA: Washanialika tena, wiki ijayo. Naenda, ila nimewaambia mapema, mimi nataka tuongee wafanyakazi wa ndani wanaodhulumiwa mishahara na waumini wetu wenyewe, wa pande zote. Na kwenye picha msinitafute.

BENJA: Wamejibuje?

SALMA: Bado wanajadiliana.