Andika 中国 kwa Mpangilio Sahihi: Mivuto 12, Hatua kwa Hatua

Karibuni. Leo tunaandika neno moja tu: 中国, Zhōngguó, yaani China. 中 ni "kati", 国 ni "nchi". Herufi mbili, mivuto 12, na ukizimudu hizi umeshashika sehemu kubwa ya kanuni za kuandika hanzi, yaani herufi za Kichina.

Chukua penseli na daftari la hesabu, lile la miraba. Unganisha miraba minne iwe chumba cha herufi moja. Msalaba unaobaki katikati ndio utakaokuumbua herufi ikikaa upande.

Mvuto ni nini? Ni tangu kalamu iguse karatasi mpaka inyanyuke. Hata ikikata kona, maadamu haijanyanyuka, huo bado ni mvuto mmoja. Shika hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Tupashe mkono kwa 三, tatu. Mistari mitatu ya kulala: wa juu, wa kati, wa chini, kila mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Wewe uliyesoma chuoni ukazoea alifu na bee, mkono utataka kuanzia kulia. Uzuie. Halafu 十, kumi: wa kulala kwanza, wa kusimama baadaye. Basi.

Sasa 口, mdomo. Ukiitazama utasema ni boksi lenye pande nne, kwa hiyo mivuto minne. Hapana, ni mitatu. Tazama mkono wangu. Wa kwanza, ukuta wa kushoto, juu kwenda chini. Wa pili, anzia kona ya juu kushoto, nenda kulia, kata kona, shuka. Sijanyanyua! Wa tatu, sakafu, kushoto kwenda kulia. Usilizungushe kama duara, utapata yai.

Twende 中. Andika 口, lakini pana na fupi kidogo. Kisha mvuto wa nne: anzia juu, nje ya boksi, shuka wima, pasua katikati, tokea chini. Mstari unaotoboa herufi yote huja mwisho. Ukiuanza huo, utabaki kulazimisha boksi lilingane pande mbili za kijiti, na halitalingana.

Sasa 国, na hapa twende taratibu. Mvuto wa 1, ukuta wa kushoto, mrefu. Wa 2, dari na ukuta wa kulia kwa mkupuo mmoja. Simama hapo! Sakafu bado. Wachina husema ingia ndani kwanza, ndipo ufunge mlango. Mimi nilipoanza nilikuwa nafunga boksi zima, halafu nahangaika kupenyeza vya ndani; daftari langu lilirudi limejaa wino mwekundu.

Ndani kuna 玉, jiwe la thamani la kijani, jade. Wa 3, mstari wa kulala juu. Wa 4, wa kulala katikati, mfupi kidogo. Wa 5, wa kusimama, unashuka kutoka mstari wa juu. Wa 6, wa kulala chini, unaoupokea ule wa kusimama. Hapa mstari wa kusimama haukuja mwisho kwa sababu hautoboi. Unaishia kwenye msingi. Wa 7, nukta, kulia, juu ya mstari wa chini. Ukiisahau umeandika 王, mfalme. Wa 8, funga mlango: sakafu, kushoto kwenda kulia.

Ukimwona Mjapani akiandika 王 kwa kusimamisha mstari mapema, baada ya ule wa kwanza wa kulala, hajakosea. Japani wana mpangilio wao. Sisi hapa tunafuata wa China bara.

Kuhesabu mivuto si mapambo. Katika kamusi ya Kichina unaitafuta 国 kwanza kwa boksi lake la nje, mivuto 3, kisha kwa ya ndani, mivuto 5. Ukizoea kuandika boksi kwa mivuto minne, utafungua ukurasa mwingine kabisa na kulaumu kamusi.

Simamisha video. Jaza ukurasa mmoja wa 国, uufunike kwa mkono, kisha andika moja bila kuchungulia. Nukta ikikosa pa kukaa, rudi kwenye mvuto wa 6 uangalie: huenda umeupandisha mno, au sakafu umeiweka kabla ya wakati wake.