Nyumba ya Mawe ya Lamu: Chokaa, Boriti na Njia za Maji

Assalamu alaikum, wazee wetu, mafundi, na nyinyi vijana mlioketi huko ngazini.

Nyumba tunayoizungumzia jioni hii ni ile ya makumbusho kule mtaa wa Mkomani, Lamu. Ni ya karne ya 18, mji uliponona kwa biashara ya majahazi. Ngome ya Lamu, iliyomalizwa 1821, kwa umri ni mdogo wake. Mwaka 2001 mji mkongwe wote uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini orodha haizuii mvua.

Ukiingia unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na mabaraza yake ya kukalia, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho chumba kiitwacho ndani. Vyumba ni virefu, ila upana wake haufiki mita tatu. Mwenye nyumba hakukosa fedha. Kilichompimia chumba ni boriti ya mkoko: ukiivusha zaidi ya hapo inapinda kwa mzigo. Na mzigo upo! Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu yake humwagwa kokoto za mawe zilizochanganywa na chokaa, kisha watu wakapiga sakafu kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, mpaka ishikane. Isitoshe, desturi ya Lamu ni binti kupewa nyumba akiolewa. Pasipo kiwanja, wazazi walimjengea orofa juu yao, au wikio, chumba cha juu kilichovuka njia hadi nyumba ya pili. Kwa hiyo kila harusi iliwaongezea mzigo kuta zile zile. Kuta zenyewe ni za mawe ya mwamba na chokaa, unene karibu nusu mita, na mzigo huo zauweza madamu ni kavu.

Sasa hayo maji. Mengine hutoka juu, mlizamu, yaani mfereji wa kutoa maji ya paa, ukiziba na sakafu ya paa ikapata ufa. Mengine huvuja katika choo cha orofani. Yanayosumbua zaidi ni yanayopanda kutoka ardhini, kwa sababu hayaji peke yake, yanakuja na chumvi. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki ndani ya vitundu vya lipu, ikaganda chembe chembe na kuvimba. Ndio ule unga mweupe mnaoufagia kila asubuhi chini ya ukuta.

Lipu ya chokaa huumia, lakini inaupumzisha ukuta. Baada ya miaka unaibandua, unapaka nyingine. Fundi mwenye haraka hupiga simiti, na mwaka wa kwanza kila mtu humsifu. Simiti haipitishi unyevu. Maji yakizuiwa chini hupanda mpaka yapate pa kutokea, na unyevu uliokuwa unafika magotini sasa unafika kifuani. Chokaa iliyoshika mawe ndani inalainika. Mwisho simiti inabanduka vipande vizima, na kwa kuwa ni ngumu kuliko kilicho nyuma yake, inaondoka na uso wa jiwe. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, hasara hiyo hailipiki, maana nakshi imo ndani ya hiyo hiyo lipu.

Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Pakilia kama mtungi mtupu, lipu imeachana na ukuta. Bandua hapo tu, kwa patasi na nyundo ndogo, usitumie tindo kubwa. Fagia vumbi, rowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa. Ikitumiwa mbichi, punje ambazo hazijazimika hufumka baadaye na kuitoboa lipu. Kipimo ni karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani usiooshwa ni chumvi unayoirudisha kwa mkono wako, na maji ya kisima cha magadi vile vile. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na liachwe siku kadhaa kabla ya la pili. Funika kwa magunia mabichi, kwani jua likiipiga lipu mpya hupasuka nyufa kama matope ya bwawa lililokauka.

Boriti huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, mahali jicho halifiki. Chukua bisibisi, ichome boriti pale inapoingilia ukutani. Ikizama sentimita mbili bila kubishana, hiyo imekwisha, hata kama katikati yake inang'aa. Kabla ya kuichomoa simamisha nguzo na mti wa kukingama chini ya sakafu, ukaze kwa kabari mpaka ziguse tu. Msiinyanyue sakafu! Sakafu ya chokaa haijui kunyanyuliwa, inavunjika. Badilisha boriti moja, maliza, ndipo uende ya pili. Boriti mpya iwe imekauka na kumenywa gome, iingie ukutani sentimita 20 au zaidi, na uache nafasi ya hewa kuizunguka ncha. Tundu likizibwa kwa simiti, umeifunga boriti na unyevu wake. Ukataji wa mikoko wataka kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, basi kiombeni kabla ya kusimamisha nguzo, nyumba isije ikakaa juu ya magongo msimu mzima.

Wengine huvunja sakafu yote wakamwaga zege yenye nondo za chuma. Upepo wa bahari hauzioni nondo leo; huzifikia polepole, zikapata kutu, zikavimba na kuipasua zege kwa chini. Na zege ni nzito, ukuta wa chokaa haukuipigia hesabu.

Kazi ianzie juu: mlizamu, paa, kisha choo. Birika la choo, yaani tangi la maji lililojengwa humo, ndilo husahauliwa. Wazee walikuwa wakilaza bakuli la kaure ndani, kwenye kitako chake, na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Lijaze maji usiku, tia alama kwa mkaa usawa wa maji, funika, usilitumie. Asubuhi maji yakiwa yameshuka chini ya alama, acheni habari ya lipu ya chini mpaka birika lizibwe.

Ndoo ya chokaa iliyolowekwa ipo hapo mlangoni, na mwiko. Anayetaka kuishika aje.