WordStar kwenye CP/M: punguza menyu, upate skrini ya kuandikia

Karibuni. Leo tunaingia ndani ya WordStar 3.3, programu ya zamani ya kuandikia, kwenye CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za enzi hizo, tunaibadilisha tabia bila kuwa na hata mstari mmoja wa msimbo wake asilia. Iwe unatumia mashine halisi au emuleta (programu inayoiga mashine hiyo), hatua ni zilezile. Nachukulia kwamba WordStar yako inafunguka vizuri na skrini haitoi takataka.

Kwanza mjue kwa nini jambo hili linawezekana. Rob Barnaby aliiandika WordStar kwa asembli (lugha ya ngazi ya chini) ya prosesa ya 8080, na kampuni ya MicroPro wakaitoa mwaka 1978. Wakati ule kila terminali, yaani kifaa cha skrini na kibodi, ilikuwa na amri zake. Ile ADM-3A, kwa mfano, ukitaka kishale kiende mahali fulani unaitumia ESC, alama ya =, halafu namba ya mstari na namba ya safu, kila moja ikiongezwa 32. Terminali nyingine inataka vingine kabisa. Kwa hiyo karibu na mwanzo wa WS.COM kukawekwa eneo la mipangilio ambalo mwenye mashine anaruhusiwa kulichokonoa. Ndimo tunamoingia.

Tatizo letu ni menyu kuu. Ukiwa na mistari 24 tu, inameza sehemu kubwa ya juu. Kwenye kompyuta ya Osborne 1, yenye kioo cha inchi 5 na safu 52, hali ni mbaya zaidi. Unaweza kuipunguza kwa Ctrl-J kisha H, lakini ukifunga programu, kesho inarudi kama ilivyokuwa.

Tuanze. Weka nakala kando kwa PIP, programu ya CP/M ya kunakili:

PIP WSZAMANI.COM=WS.COM[V]

Hiyo V inaiambia PIP ihakiki nakala. Usiiruke. Sasa ifungue WS.COM ndani ya DDT, programu ya CP/M ya kuchungulia na kubadilisha baiti, kwa kuandika:

DDT WS.COM

Itatokea NEXT na PC, na chini yake namba mbili. Ile ya NEXT iandike kwenye karatasi sasa hivi, maana tutaihitaji. Yangu hapa tuseme ni 4400. Yako inaweza kuwa tofauti.

Kwenye kistari (-) ambacho DDT inasubiri amri, andika S360, kisha Enter. Inakuonyesha 0360 na thamani iliyomo, 03. Hicho ndicho kiwango cha msaada. Kama huoni 03, toka kwa Ctrl-C na usiguse kitu. Toleo lako limepangwa tofauti, tafuta anwani kwenye mwongozo wake. Ukiiona, andika 02, Enter. Wapo wanaoweka 00 moja kwa moja. Mimi siwashauri, kwa sababu 02 inaondoa menyu kuu tu, lakini ukibonyeza Ctrl-K ukasita kidogo, menyu yake ndogo bado inakuja kukukumbusha.

DDT itasogea hadi 0361. Bonyeza Enter bila kuandika kitu, thamani inabaki ilivyo. Inayofuata, 0362, inapaswa kuwa FF: ndiyo inayofanya herufi mpya zisukume za zamani. Anayependa kuandika juu ya maneno ya zamani aweke 00. Mimi naiacha. Weka nukta, Enter, kisha Ctrl-C urudi kwenye A> ya CP/M.

Hapa tulieni, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mabadiliko yako kwenye kumbukumbu tu, diski haijaguswa. Usifungue programu nyingine yoyote, itaandika juu yake. Tunahifadhi kwa SAVE, nayo inahesabu kurasa za baiti 256 kwa namba za kawaida, wakati DDT inazungumza heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Chukua tarakimu mbili za mwanzo za NEXT: 44. Kwa kuwa mbili za mwisho ni 00, punguza moja, unapata 43. Nne mara 16, jumlisha 3, ni 67. Zingekuwa si 00, usingepunguza. Ungetumia 44, yaani 68.

SAVE 67 WSN.COM

Fungua WSN kwenye diski ileile yenye WSMSGS.OVR na WSOVLY1.OVR, kisha ufungue faili la majaribio. Maandishi yanaanza juu kabisa, chini ya mstari wa hali na rula. Ukiridhika, futa ya zamani kwa ERA WS.COM, halafu ipe mpya jina hilo kwa REN WS.COM=WSN.COM. Jina jipya ndilo linalotangulia.