Kushi Iko Wapi?

Walimu wangu wa shule ya Jumapili, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya mataifa yanayotajwa katika Biblia. Ni mengi mno kwa jioni moja: Wahiti, Wafilisti, Waamoni, Waedomu. Nimechagua taifa moja, lile tunalolisoma mara nyingi bila kujua tunasoma habari za nani.

Fungueni Matendo ya Mitume 8:27. Mwenye Biblia ya Muungano anasoma "mtu wa Kushi, towashi", yaani mwanamume aliyehasiwa. Mwenye Habari Njema anakuta Mwethiopia. Watoto wakiuliza ipi ni sahihi, mtawajibuje?

Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika Kigiriki, na Wagiriki waliwaita watu weusi wa kusini mwa Misri Aithiopes, neno linalobeba maana ya uso uliounguzwa na jua. Waebrania walisema Kushi, na Wamisri pia waliiita nchi hiyo kwa jina lilelile. Wote walikuwa wakitaja bonde la mto Nile kusini ya Aswan, yaani Sudan ya leo. Ethiopia yenye Addis Ababa ni nchi nyingine, iliyokuja kulichukua jina hilo baadaye. Kwa hiyo darasani, wekeni kidole juu ya Sudan. Huko ndiko ulikokuwa mji wa Napata, chini ya mlima Jebel Barkal, na baadaye Meroe, ambako piramidi zake zimesimama hadi leo. Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, ingawa ni ndogo zaidi.

Wafalme wa Kushi waliitawala hata Misri yenyewe. Tirhaka wa 2 Wafalme 19:9, yule ambaye habari zake zilimfikia Senakeribu wa Ashuru, ni Taharqa, aliyeshika ufalme mwaka 690 KK. Kaburi lake liko Nuri, hukohuko Sudan.

Sasa Kandake, ambaye mstari uleule wa Matendo unasema towashi alimtunzia hazina. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilifundisha kwamba hilo ni jina la malkia. Ni cheo, kama Wachaga wanavyosema Mangi na Waganda Kabaka. Strabo, Mgiriki aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba Kandake mmoja mwenye chongo alipigana na Warumi. Wataalamu wengi wanaona kuwa huyo ni Amanirenas. Majeshi ya Kushi yaliingia Aswan yakachukua sanamu za Kaisari Augusto. Mwaka 1910, wachimbaji huko Meroe walikuta kichwa cha sanamu ya shaba ya Augusto kimefukiwa chini ya ngazi za jengo, mahali ambapo kila aliyepanda alimkanyaga Kaisari. Vita viliisha kwa mapatano, na Augusto akaifuta kodi aliyokuwa amewatoza. Miaka hamsini na kitu baadaye ndipo tunakutana na towashi wetu, mtunza hazina wa Kandake mwingine. Tukimsoma barabarani Gaza tusimwone kama msafiri mnyonge. Alitumikia dola ambayo Rumi iliketi nayo mezani.

Kuna Mkushi mwingine ninayempenda zaidi, Ebedmeleki, katika Yeremia 38. Nabii ametupwa shimoni, anazama katika matope, na wakuu wa Yerusalemu wameridhika. Mgeni huyu anamwendea mfalme langoni, mbele za watu, na kusema kwamba waliofanya hivyo wametenda uovu. Anapewa watu wa kumsaidia. Lakini kabla ya kwenda shimoni anapitia ghala na kuchukua matambara na nguo kuukuu, ili Yeremia aziweke chini ya makwapa, kamba zisimchubue. Nani mwingine katika mji ule alikuwa ameyafikiria makwapa ya mtu huyo?

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Wapo waliofundishwa, na wapo wanaoendelea kufundisha, kwamba watu weusi wamelaaniwa kupitia Hamu, mwana wa Nuhu. Someni Mwanzo 9:25 polepole. Anayetajwa katika laana ni Kanaani. Kushi ni ndugu yake, mwana mwingine wa Hamu, na hakuna neno la laana juu yake. Mafundisho hayo yalitumika kuhalalisha utumwa. Msiyaache yaingie madarasani mwenu.

Turudi kwa towashi. Sheria, katika Kumbukumbu la Torati 23:1, ilimzuia mtu kama yeye kuingia katika mkutano wa Bwana, naye bado alisafiri kutoka Nile hadi Yerusalemu kuabudu. Mhubiri Filipo alimkuta akisoma Isaya, mahali panaponena habari za kondoo apelekwaye machinjoni, sura tunayoiita leo ya 53. Sura tatu tu mbele, katika chuo kilekile, yaani kitabu cha kukunjwa, matowashi wanaahidiwa nafasi ndani ya nyumba ya Mungu na jina lililo jema kuliko wana na binti. Luka hatuambii kama alifika hapo. Anatuambia alibatizwa, akashika njia yake akifurahi, na njia hiyo ilikuwa ndefu, ya kuteremka hadi Misri kisha kuupandisha mto mpaka Meroe, na chuo alikuwa nacho garini.