Tusimtibu Kijana Peke Yake

Ndugu washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Mzazi akimleta kijana aliyeshindikana, mara nyingi husema: "Kaeni naye, mnyoosheni, mkimaliza nitakuja kumchukua." Nawaomba ombi hilo tusilikubali.

Miaka ya 1970 mjini Miami, Marekani, familia za Wakyuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro zilikuwa na msukosuko. Watoto walishika Kiingereza na mienendo ya ugenini upesi. Wazazi wakabaki na Kihispania na desturi za kwao. Mzazi akibana, mtoto anachomoka. Akichomoka, anabanwa zaidi. Wengine waliangukia dawa za kulevya. José Szapocznik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami wakaunda tiba fupi ya familia, kwa kawaida vikao 12 hadi 16. Walijenga juu ya kazi ya Salvador Minuchin, daktari wa akili mzaliwa wa Argentina, aliyeangalia nyumbani nani yuko karibu na nani, nani anaamua, nani kawekwa pembeni.

Katika kikao, mshauri haishii kusikiliza mashtaka. Anawaambia baba na mama wajadiliane palepale: kijana arudi nyumbani saa ngapi? Muda si mrefu mambo yanajitokeza yenyewe. Mama anamgeukia mtoto badala ya mumewe, baba ananuna, mtoto anamjibia mama. Basi hapo ndipo pa kushika. Mtoto anaombwa asubiri, wazazi wanarudishwa kwenye mazungumzo mpaka wakubaliane. Baba akifoka, mshauri anamwambia, "Naona unaogopa kumpoteza mwanao." Kijana aliyezoea kusikia hasira tupu anamtazama baba yake upya.

Na wasipokuja? Sisi huandika kwenye faili "familia haikutoa ushirikiano" na kulifunga. Inaniuma, kwa sababu wenzetu wa Miami waliona kutokuja huko ni sehemu ya tatizo lenyewe. Mama anayepiga simu huenda hana sauti mbele ya mwanawe, au baba anahofia kulaumiwa. Kwa hiyo mshauri alianza kazi kwenye simu ileile, akazungumza na baba mwenyewe, akamfuata kijana ikibidi. Katika utafiti wao wa 1988 wenye familia 108, asilimia 93 ya waliofuatwa hivyo waliingia kwenye tiba, dhidi ya 42 ya walioitwa kwa njia ya kawaida.

Niseme pia kwamba jaribio kubwa la 2011, lenye vijana 480, halikuonyesha ushindi wa wazi dhidi ya huduma za kawaida katika kupunguza dawa za kulevya. Tofauti ilionekana zaidi katika kuziingiza familia kwenye tiba na kuzifanya zibaki. Ndiyo maana naomba kila faili letu jipya liwe na nafasi ya kuandika nani hakuja, na nani kati yetu atamfuata.