Kupima mwendo wa goti kwa simu ya mfukoni

Walimu wangu, wanafunzi wa fiziotherapia, na wenzangu mliotoka wodini moja kwa moja, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie simu janja na upimaji wa mwendo wa viungo. Nitajikita kwenye goti, kwa sababu goti ndilo linalojaza kliniki zetu. Kijana wa bodaboda kavunjika paja, kawekewa chuma, picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri, lakini goti halikunji. Daktari wa upasuaji kamaliza kazi yake na kairidhia. Kijana bado hawezi kupanda pikipiki.

Tuanze na namba, maana bila namba hatuna cha kuzungumza. Kutembea kwenye njia tambarare kunataka goti likunje kama nyuzi 60. Kupanda ngazi kunataka kama 90. Kuinuka kwenye kiti kifupi kunaweza kupita 100. Kuchuchumaa chooni kunataka zaidi ya hapo, na mtu anayeswali akikaa kati ya sijda mbili, makalio juu ya visigino, goti lake linakaribia nyuzi 150. Kwa hiyo mgonjwa aliyefika 95 anaweza kwenda sokoni na kurudi bila shida, na nyumbani bado anashikwa mkono na mwanawe kila anapokwenda haja. Faili lake likisema "goti linakunja kiasi", hakuna anayejua tuko wapi. Wiki tatu baadaye anapokelewa na mtaalamu mwingine, naye anaandika "kuna maendeleo". Kutoka wapi hadi wapi? Hili linaniuma, kwa sababu mgonjwa huyo ameuza kuku apate nauli ya kuja kwetu.

Goniomita ya plastiki, ile rula ya mikono miwili ya kupimia pembe ya kiungo, ni kifaa kizuri, na sisemi itupwe. Lakini inataka uishike kwa mikono yako yote miwili, inataka ukadirie mhimili wa kiungo, yaani pale kinapojikunjia, uelekeze mkono mmoja wa kifaa juu hadi kwenye nyonga na mwingine chini hadi kwenye kifundo cha mguu, na wakati huohuo mguu wa mgonjwa unataka wa kuushika. Foleni ikiwa ndefu, mnajua kinachofuata. Tunapima kwa macho.

Ndani ya simu mna akseleromita, kihisi kidogo kinachohisi mvutano wa dunia. Simu ikitulia, kihisi kinajua chini ni upande gani, na programu inakokotoa simu imeinama nyuzi ngapi. Ni kazi ileile ya pimamaji ya fundi mwashi. Kwetu faida yake kubwa ni kwamba huhitaji kuutafuta mhimili wa goti. Unapima mwinamo wa paja, kisha mwinamo wa muundi, basi.

Tazameni kwa huyu ndugu yetu aliyejitolea. Amelala chali, anavuta kisigino kuelekea makalio hadi anapofikia mwisho. Naweka ubavu mrefu wa simu mbele ya paja, nasubiri namba itulie: 60. Nahamia kwenye ukingo wa muundi, chini kidogo ya lile nundu lililo chini ya pia ya goti: 72. Paja linapanda kutoka kitandani, muundi unashuka kurudi kitandani, kwa hiyo tunajumlisha. Goti lake linakunja nyuzi 132. Mmeona muda uliotumika.

Sasa njooni karibu, maana hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Mgongo wa simu hii una kamera iliyochomoza. Ukiulaza mgongo kwenye muundi, kamera inainua upande mmoja na unasoma mwinamo wa kamera. Ndiyo maana natumia ubavu, na kava lenye kingo za mviringo nimelivua. La pili ni paja lenyewe. Nyama ya paja ni nene juu na nyembamba karibu na goti, kwa hiyo ngozi ina mteremko wake ambao si wa mfupa. Nikisogeza simu sentimita chache tu kuelekea goti, mtaona namba inabadilika, na huyu ndugu hajatikisika. Muundi hauna tatizo hilo kwa sababu mfupa uko chini tu ya ngozi. Kwa hiyo wekeni alama kwa kalamu, na kwenye faili andikeni simu ilikaa sentimita ngapi juu ya pia. Wiki ijayo mahali pawe palepale, mkao uwe uleule, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule. Hata hivyo, tofauti isiyofika nyuzi 5 msiitangaze kuwa maendeleo. Inaweza kuwa ni mkono wako tu.

Kabla ya kliniki, ikagueni simu kama fundi anavyokagua chombo chake: iweke mezani, soma, igeuze kichwa kiwe miguuni, soma tena. Isipokubaliana na yenyewe, irekebisheni kwanza. Na ifuteni kwa spiriti kila baada ya mgonjwa, tafadhali.

Shingo ina jambo lake. Mgonjwa aliyekaa akigeuza shingo kushoto na kulia, mvutano wa dunia haubadiliki, kwa hiyo akseleromita haioni kitu. Programu nyingine hutumia dira ya simu, na dira huchanganywa na chuma cha kitanda na cha kiti. Mlaze chali, weka simu kwenye paji la uso, ageuze kichwa. Tatizo limekwisha.

Wagonjwa wa mbali wanaweza kututumia picha. Ndugu yake asimame ubavuni kama mita mbili, kamera iwe usawa wa goti, siyo kuinamia kutoka juu, kwa sababu picha ya mshazari hudanganya pembe. Nguo ipande tuone paja, na sura isionekane kabisa. Hizo ni taarifa za afya za mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamlinda. Ombeni ridhaa kabla, hifadhini kipimo kwenye faili, kisha futeni picha, mkikumbuka kwamba simu nyingi hupeleka nakala mtandaoni zenyewe.

Zipo pia programu za kusoma viungo kutoka kwenye video. OpenCap ya Chuo Kikuu cha Stanford hutumia simu mbili au zaidi kuchambua mwendo mzima wa mwili. Nazifuatilia kwa hamu kubwa, lakini kwa kliniki ya wilaya yenye mtaalamu mmoja, anzeni na simu moja na kalamu.

Sasa kaeni wawili wawili. Kila mmoja ampime mwenzake goti la kulia mara tatu, aondoe simu kila mara na kuirudisha, aandike bila kumwonyesha mtu. Kisha mtu wa tatu apime goti hilohilo. Leteni karatasi hapa mbele, tuzipange ubaoni tuone tumeachana kwa nyuzi ngapi.